Uzoefu wangu: nilibadilisha pasiwedi mara mbili, bando likaendelea kuisha

Ruta hii ya 4G niliinunua Kariakoo mwaka jana. Kwa kasi sina lawama: hata chumba cha uani, nyuma ya kuta mbili, mwanangu anafuatilia masomo ya video bila kukwama. Kilichonitesa ni bando. Naweka la mwezi, siku ya 17 limekata.

Nikafungua kivinjari, nikaandika 192.168.1.1, nikaingia kwenye mipangilio. Vifaa vilivyounganishwa vilikuwa 9, wakati sisi tuna simu tatu na televisheni. Nikabadilisha pasiwedi, baada ya siku mbili hao wezi wa bando wamerudi. Nikaweka ndefu zaidi, wakarudi tena. Nilifika hatua ya kumshuku mtoto kwamba ndiye anayeigawa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kumbe mlango ulikuwa WPS, njia ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi bila kuandika pasiwedi. Chini ya ruta kuna stika yenye namba 8. Mwenye namba hiyo na programu inayofaa hupewa pasiwedi na ruta yenyewe, hata uibadilishe kila asubuhi. Na yangu ilikuwa inakaa dirisha la barazani, kila apitaye anaishika! Asiyeiona stika naye anaweza kubahatisha, maana ruta nyingi huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, kimoja kimoja. Tangu 2011 inajulikana kwamba majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Nikazima WPS, nikabadilisha pasiwedi kwa mara ya tatu, vikabaki vifaa vinne.

Nikiwa humo humo nikakuta ulinzi umewekwa WPA/WPA2 (viwango vya ulinzi wa Wi-Fi) kwa TKIP, njia ya kuficha data, kitu cha 2003. Nikachagua WPA3, kiwango kipya zaidi, peke yake, televisheni ikagoma. Ile ya mchanganyiko, WPA2/WPA3 kwa AES (njia imara zaidi ya TKIP), imekubali vyote. Kama ruta yako haina WPA3, WPA2 yenye AES inatosha kabisa nyumbani, ila usiweke namba yako ya simu kuwa pasiwedi. Mtaa mzima unayo. Mimi nimeunganisha maneno matano yasiyohusiana. Pasiwedi ya kuingilia mipangilio nayo ilikuwa "admin", nimeibadilisha. Kuficha jina la mtandao nilijaribu nikaacha, kunamsumbua mwenye nyumba kuliko mwizi. Ndugu wakija wanatumia mtandao wa wageni, yaani Wi-Fi ya pembeni ya ruta hiyo hiyo yenye pasiwedi yake.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu WPS ilikuja ikiwa imewashwa, na kijitabu chake hakisemi lolote juu ya hatari hiyo.