Jezi ya Mbeya City ya enzi za Sudan 2014, ipo Mwanjelwa na ni nzuri

Wana Mbeya habari zenu, kama ulikuwa unajaa uwanja wa Sokoine kuitazama timu yetu ya soka msimu wa 2013/14 hii inakuhusu. Kuna kaduka ka jezi Mwanjelwa, kwenye kichochoro cha wauza viatu, jamaa anashona mwenyewe jezi za City za zamani, nimechukua ya zambarau yenye maandishi ya Nile Basin 2014, yale mashindano ya vilabu ya Sudan, mgongoni, elfu 18.

Rangi kaipatia aisee. Zambarau imekolea, sio ile iliyopauka inayoelekea pinki wanayotembeza machinga, na ukiigeuza ndani unakuta mshono wa begani umepigwa mara mbili, kola kaiwekea utepe mweupe ili uzi usikwaruze shingo. Kitambaa kizito kidogo ila kwa baridi letu la Juni kinafaa sana.

Mi kilichonifurahisha zaidi ni huo mwaka mgongoni, maana ukitaja mashindano ya CECAFA, shirikisho la soka la Afrika Mashariki na Kati, watu wanakimbilia Kombe la Kagame na Simba na Yanga, wakati timu yetu ya halmashauri ilipanda tu ligi kuu, chini ya kocha Mwambusi ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba akawa wa nne, halafu ikaenda Sudan kwenye Nile Basin ikafika robo fainali. Waliotutoa ni Victoria University ya Uganda na hao hao ndo waliobeba kombe, fainali wakamfunga AFC Leopards ya Kenya. Yaani tulitolewa na bingwa. Madogo wa siku hizi ukiwaambia City ishacheza nje wanabisha kabisa, sasa wasome wenyewe mgongoni.

Kasoro ipo kwenye maandishi, baada ya kufua ile 4 ilianza kubanduka mkiani, nikarudisha akaibandika upya bure na hakuninunia, akasema nisipitishe pasi juu yake na nianike kivulini. Saizi zake pia ndogo, kama unavaa L chukua XL, na nenda asubuhi maana jioni pale hapapitiki.

Za watoto bado hana, nimemwomba sana atoe. Na mkienda msisitizeni aweke kaulimbiu yetu ya Koma Kumwanya kifuani, yangu haina na nimeiulizia mpaka kachoka.