Kikaangio cha umeme kinachofunguka: uzoefu wangu

Kikaangio changu cha kwanza cha umeme nilikichagua kwa kutazama wati na ujazo wa mafuta, nikasahau kuuliza kitasafishwaje. Bakuli lake halikuwa likitoka, kwa hiyo kila nilipotaka kubadilisha mafuta nililazimika kukiinamisha chote juu ya sufuria, huku mafuta yakichuruzika ubavuni hadi kwenye waya. Kwa kuwa hakikuruhusiwa kutumbukizwa majini, mafuta yaliyokauka na kunata pembeni niliyasugua kwa kitambaa hadi mkono ukachoka. Baada ya miezi minne nilikirudisha kwenye boksi, nikarudia karai langu.

Hiki cha sasa, nilichokinunua Kariakoo mwaka jana, ni cha chuma kisichoshika kutu, cha lita 3 na wati 2,000, nacho hufunguka vipande vinne: mfuniko, kikapu, bakuli, na kichwa cha umeme chenye koili na swichi ya joto. Kichwa hicho ndicho pekee kisichooshwa kwa maji. Hufutwa kikishapoa, na kisiporudishwa sawasawa mahali pake, kikaangio hakiwaki. Vilivyobaki naviosha kwenye sinki pamoja na sufuria.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba koili imeinuliwa kidogo kutoka chini ya bakuli, na mafuta yaliyo chini yake hayapati moto mkali, hivyo chenga za viazi na unga unaobanduka kwenye samaki huzama huko bila kuungua. Mafuta hayawi meusi upesi, na yakipoa nayachuja kwa kitambaa chepesi na kuyarudisha chupani.

Chipsi nazikaanga mara mbili, kwanza kwa nyuzi 150, kisha kwa 190, baada ya kuzikausha vizuri, kwa sababu maji yakiingia kwenye mafuta ya moto hufura na kumwagika. Bagia ni habari nyingine: ukiziweka kwenye kikapu kabla hakijashuka, hunasa kwenye nyavu, na kuzing'oa ni adhabu, hivyo nashusha kikapu kwanza ndipo nizidondoshe.

Kuhusu LUKU, koili ikiwaka saa nzima bila kukatika ingekula uniti 2, lakini hujikata joto likitimia, nami sijaona tofauti ya kunishtua.

Lalamiko langu ni mfuniko. Chujio lake la harufu limebanwa ndani wala halitoki, na linanuka samaki aina ya changu hata baada ya kuoshwa kwa ndimu, kwa hiyo siku hizi nakaanga bila kufunika, madirisha yakiwa wazi.