Plagini ya Vim ikigoma, msaada upo wapi? Uchambuzi

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani tuna bidhaa isiyo na bei: Vim, kihariri cha matini alichokitoa Bram Moolenaar wa Uholanzi mwaka 1991. Kasi yake sitaizungumzia, wala rangi zake, video za hivyo zimejaa. Nataka kitu kimoja tu. Siku plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, imegoma, au umeweka mpangilio na wenyewe hausikii, programu hii inakusaidiaje?

Kwa wenye haraka, jibu ni hili: inasaidia kuliko kihariri kingine chochote nilichowahi kutumia, ila haikubembelezi. Usipojua kuuliza, utaichukia.

Tazameni skrini. Kwenye faili langu la mipangilio, lile la .vimrc, nimeandika `set shiftwidth=2`, maana napenda msimbo wangu uingie ndani nafasi mbili. Na plagini za aina za mafaili nimeziwasha. Sasa nafungua faili la Python, lugha ya kuandikia programu, nasogeza mstari kwa alama hizi mbili, `>>`. Mnaona? Umeruka nafasi nne. Hapa ndipo wengi wanaanza kufuta plagini moja baada ya nyingine, au wanasakinisha Vim upya kabisa. Taratibu kwanza. Andika hivi:

`:verbose set shiftwidth?`

Alama ya kuuliza usiisahau. Imejibu `shiftwidth=4`, na chini yake imetaja faili lililobadilisha mara ya mwisho: python.vim, ndani ya folda ya ftplugin. Kwa hiyo mchawi si plagini uliyoishusha jana, ni ya Vim yenyewe, inafuata mwongozo wa uandishi wa Python uitwao PEP 8, unaotaka nafasi nne. Nikiandika `:help ft-python-plugin` napata maelezo, na humo kuna dawa: `let g:python_recommended_style = 0` kwenye .vimrc. Nafunga, nafungua tena, `>>`. Mbili. Mtandaoni sijaingia, mtu sijamsumbua.

Neno `verbose` linafanya kazi hiyohiyo kwenye vitufe. Umeweka plagini ya kukamilisha maneno, ghafla kitufe cha Tab hakikuelewi? `:verbose imap <Tab>`, utaonyeshwa nani amekikamata.

Sasa huo msaada wenyewe. `:help` ina adabu zake za kuulizia, na watu wengi hukwama hapo. Ukiulizia chaguo, liweke ndani ya alama za mnukuo mmoja, `:help 'shiftwidth'`. Amri inatanguliwa na nukta mbili, `:help :write`. Kitufe cha ukiwa unaandika kinatanguliwa na i, mfano `:help i_CTRL-N`. Na ukipigwa kosa lenye namba, tuseme E492, unauliza namba hiyohiyo: `:help E492`. Kishale kikiwa juu ya neno lenye kiungo, bonyeza Ctrl na mabano mraba ya kufunga, linakupeleka. Ctrl na O inakurudisha ulikotoka. Hujui jina la unachotafuta? `:helpgrep` hupekua maelezo yote neno kwa neno.

Humohumo jaribuni `:help uganda`. Si utani. Moolenaar alifanya kazi ya uhandisi wa maji na usafi mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, na tangu hapo akawaomba wanaoipenda Vim wakichangie. Alifariki Agosti 2023.

Turudi kwenye plagini, maana hapa alama zinaanza kupungua. Tangu toleo la 8 la mwaka 2016 huhitaji msimamizi wa plagini: unaiweka kwenye folda ya `~/.vim/pack/`, ndani yake folda ya jina lolote upendalo, kisha `start`, basi. Ila maelezo yake hayataonekana kwenye `:help` mpaka uandike `:helptags ALL`, na hilo hakuna anayekuambia. Halafu ubora wa maelezo ni bahati yako. Ile ya vim-surround ya Tim Pope, plagini ya kuzungushia maneno mabano na alama za mnukuo, imeandikwa fupi na safi, unaisoma na chai haijapoa. Nyingine, sizitaji, zina ukurasa mmoja wa picha na maneno "weka, furahia".

Kasoro nyingine: maelezo ya `:help` yanayokuja nayo ni ya Kiingereza, tena Kiingereza kikavu. Na kosa likitokea ndani ya plagini, unamwagiwa majina ya fankisheni yaliyoungana kama treni. Yasomeni kutoka chini, mstari wa mwisho wenye E na namba ndio wenye habari.

Ndugu yake Neovim, kihariri kilichochipuka kutoka Vim mwaka 2014, ana kitu ambacho Vim inakikosa: `:checkhealth`, inakagua na kukuambia programu gani ya nje haipo. Kwa anayeanza na plagini nyingi, hilo pekee linatosha kumfanya ahamie. Mimi nabaki na Vim kwa sababu seva nyingi ninazoingia ninaikuta tayari.

Sasa ninyi mnaoniandikia hapo chini. Kabla ya kuniuliza, fungueni kwa `vim --clean`, yaani bila .vimrc yako na bila plagini zako. Tatizo likiendelea, si plagini ulizoweka wewe. Likiisha, rudisha nusu ya mistari ya .vimrc, jaribu, kisha nusu ya nusu, mpaka ubaki na mistari michache inayoleta shida. Mistari hiyo ndiyo unayoniwekea, pamoja na mstari wa kwanza wa `vim --version`, na maneno ya kosa kama yalivyo, usiyafupishe. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa pembeni sisomi. Na ukiandika "kaka haifanyi kazi" peke yake, nitakujibu kwa swali: nini hakifanyi kazi, ulibonyeza nini?