Fremu ya alumini kwenye P320 yangu: je, inastahili bei yake?

Nianze na jibu ili mwenye haraka aondoke nalo. Fremu ya alumini niliyoinunulia bastola yangu, SIG P320, ni kifaa kizuri, imenisaidia kwenye risasi ya pili na ya tatu, na bei yake ni kubwa kuliko kazi inayofanya. Sijutii kuinunua. Ila jamaa yangu wa Houston aliponiuliza kama naye aagize, nilimwambia hizo pesa azipeleke kwenye risasi za mazoezi kwanza, halafu turudi kuzungumza.

Mimi naishi Texas, na bastola ni mchezo wangu wa mwisho wa wiki: mashindano ya kulenga shabaha kwa kukimbia na saa, ambayo mwenzangu mmoja kazini huyaita mbio za wazee wenye kelele. Sijawahi kuwa polisi wala mwanajeshi. Kwa hiyo haya ni maoni ya mchezaji wa kawaida anayelipia kila kitu mfukoni mwake.

Kwanza kwa nini P320 na si nyingine. Kwenye bastola nyingi, fremu, yaani ile sehemu unayoishika, ndiyo silaha yenyewe machoni pa sheria ya Marekani. Ndiyo yenye namba ya utambulisho, na ukitaka nyingine ni lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, ujaze fomu ya serikali ya ununuzi wa silaha (fomu 4473) na uchunguzwe rekodi zako, sawasawa na mtu anayenunua bastola nzima. P320, iliyotoka mwaka 2014, imepangwa tofauti. Namba iko kwenye kitengo kidogo cha chuma kinachobeba kifyatulio na mitambo yake, na hicho ndicho silaha. Mpini unaokizunguka ni ganda tu, la plastiki likitoka kiwandani, na fremu yangu ya alumini ni ganda la namna hiyo. Ganda hilo unaliagiza mtandaoni na linaachwa mlangoni kama viatu. Jeshi la Marekani lilipoichagua mwaka 2017 kuwa M17 na M18 badala ya Beretta M9, mpangilio huo wa kubadilishana vipande ulikuwa sehemu ya masharti ya zabuni. Baada ya hapo karakana ndogo ndogo ziliamka, kila moja ikichonga ganda lake la alumini.

Hapo hapo niseme jambo. Ukiona mtu anauza fremu isiyo na namba ambayo haijamaliziwa, eti ukaitoboe mwenyewe nyumbani, achana naye. Mwezi wa Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono kanuni inayotaka vifurushi vya namna hiyo viwe na namba na wanunuzi wachunguzwe. Ninachozungumzia hapa ni ganda halali kwa bastola ambayo tayari ni yangu na ina namba yake.

Kichekesho cha habari hii yote ni kwamba tunalipa pesa kurudi tulikotoka. Colt M1911 ilikuwa ya chuma tupu. Beretta 92 ina fremu ya alumini. Glock ndiyo iliyoishawishi dunia, tangu jeshi la Austria lilipoichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba plastiki ni nyepesi, haipati kutu na inatosha. Ni kweli inatosha. Askari anayebeba bastola kiunoni kutwa anataka wepesi. Mchezaji anayeibeba kwa nusu dakika halafu anaiweka mezani anataka kinyume chake, na ndiyo maana viwanjani utaziona CZ Shadow 2, za chuma, zenye zaidi ya kilo moja na robo, kila mahali.

Bei. Watengenezaji wa maganda haya hutoza kati ya dola 250 na 500 hivi, kutegemea umbo na rangi. Langu lilikuwa upande wa juu. Ganda la plastiki la kiwandani unalipata kwa sehemu ndogo sana ya hapo. Mtengenezaji wangu simtaji, kwa sababu kuna lalamiko linakuja na sitaki ligeuke ugomvi. Aliahidi muda fulani wa kufikisha mzigo, muda ukapita, kadi yangu ilishakatwa siku ya kwanza, na barua pepe zangu zilijibiwa na mashine. Mzigo ulipofika ulikuwa umefungwa vizuri, umechongwa vizuri, kingo zote zimelainishwa. Lakini kitufe cha kuachia magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, hakikuwemo. Kwa maandishi madogo kwenye ukurasa wao walisema mnunuzi ahamishe cha zamani. Kwa bei ile?

Kuhamisha kitufe hicho ndiyo kazi pekee iliyonitoa jasho. Kimeshikiliwa na springi ndefu nyembamba ndani ya mpini, na unatakiwa kuisukuma pembeni kwa ncha ya kitu chembamba huku ukikivuta kitufe. Vidole vyangu si vya kazi hiyo. Kama unaweza kununua kitufe kipya pamoja na springi yake, nunua, ili ganda la zamani libaki kamili.

Sehemu nyingine ni rahisi kwa yeyote anayejua kuifungua P320 yake kwa usafi. Risasi zote zikae chumba kingine, si kwenye droo ya meza ileile. Magazini nje, tazama chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa macho, ingiza kidole, tazama tena. Slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, itoke, wenzo wa kufungulia utoke, kitengo cha kifyatulio kinainuka. Kwenye plastiki kinaingia na kutoka kwa kubembelezwa, kwa sababu plastiki inapinda kidogo. Alumini haipindi. Kitengo changu kiliingia lakini wenzo ukagoma kupita kwenye tundu lake. Sababu yake naijua kutokana na kazi yangu ya karakana: anodaizi ngumu, yaani kuivisha alumini ngozi ngumu kwa umeme, hujenga tabaka juu ya chuma, na tabaka hilo huzinenepesha kuta za tundu kwa kiasi kidogo sana, ila kidogo hicho kinatosha kubana. Wengine hukimbilia tupa, ile ya kusugulia chuma. Usipige tupa. Tone la mafuta, wenzo uuzungushe huku ukiusukuma kwa kidole gumba, na uhakikishe kitengo kimekaa chini sawasawa ili matundu yalingane. Uliingia. Baada ya mazoezi kadhaa ukawa unaingia wenyewe.

Tazama pia springi ndogo ya kizuizi cha slaidi unapoketisha kitengo, kwa sababu ikikaa upande slaidi haitabaki wazi magazini ikiisha. Na kama P320 yako ina kizuizi cha usalama cha kidole gumba, hakikisha kabla ya kulipa kwamba ganda unalonunua limekatwa nafasi yake. Mengi hayana.

Baada ya kufunga nilijaribu kila kitu bila risasi: kifyatulio kinarudi, slaidi inasimama kwa magazini tupu, magazini zote zinadondoka zenyewe kitufe kikibonyezwa. Magazini mbili hazikudondoka. Mdomo wa ganda jipya ni mpana na mrefu kuliko wa zamani, kwa hiyo vitako vya kawaida vya magazini vinazama ndani na huwezi kuvigonga hadi mwisho. Nikanunua vitako vinene zaidi, kwa magazini zote. Hizo ni dola nyingine ambazo hakuna tangazo linalozitaja.

Na ala! Ala yangu ya kiunoni, ya plastiki iliyofinyangwa kufuata umbo la bastola, ilikataa katakata. Ganda jipya limechimbwa zaidi chini ya kikinga kifyatulio ili mkono upande juu, na pale ndipo ala ilipokuwa inaing'ata bastola. Bastola iliingia ikawa inacheza. Ala inayocheza kwenye mashindano ya kukimbia ni hatari, maana silaha ikidondoka umefukuzwa uwanjani siku hiyo, na ni haki kabisa. Nikaagiza ala nyingine. Ukijumlisha ganda, vitako na ala, umefika karibu na bei ya bastola ya pili.

Sasa uwanjani. Hesabu yake si ngumu. Risasi ya 9mm ya gramu 8 hivi, ikitoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde, inaisukuma bastola nyuma kwa msukumo uleule, iwe ya plastiki au ya chuma. Kinachobadilika ni jinsi bastola inavyoitikia. P320 kubwa ya kawaida ina gramu 840 hivi. Ikiongezwa robo ya uzito wake, mwendo wake wa kurudi nyuma unapungua kwa moja ya tano. Moja ya tano si mchezo. Nukta nyekundu ya kilengeo changu ilikuwa ikiruka nje ya kioo kila risasi, halafu naitafuta. Sasa inapanda, inaonekana ikipanda, inashuka palepale. Kwa shabaha za karibu sikuona tofauti yoyote ya maana kwenye saa. Kwa shabaha za mita 20 na kuendelea niliiona wazi: risasi ya pili inaingia karibu na ya kwanza bila mimi kusubiri.

Ila nimejiuliza sana ni kipi kati ya mambo mawili kinafanya kazi, uzito au umbo. Jirani yangu wa uwanjani ana ganda la plastiki la kampuni ya Wilson Combat kwenye P320 kama yangu. Tulibadilishana kwa zamu, risasi za boksi moja, shabaha moja. Mkono wangu ulikaa juu vilevile kwenye lake, na nusu ya raha niliyokuwa naisifia kwenye alumini nikaikuta kwenye plastiki. Ile nusu nyingine, ya nukta kushuka haraka, ilikuwa ya uzito kweli. Kwa hiyo anayetaka mkono ukae vizuri tu, asilipe pesa ya chuma. Anayetaka uzito, huyo ndiye mteja wa alumini, na hata yeye ajue kwamba SIG wenyewe wanauza P320 iitwayo X-Five Legion, ganda lake ni plastiki iliyochanganywa na tungsteni, bastola nzima ikiwa na gramu 1,230 hivi. Kwenye vidole bado ni plastiki, kwenye mizani ni chuma.

Jambo jingine ambalo sikuwahi kulisoma kwenye sifa za wauzaji: joto. Mwezi wa Agosti hapa Texas, bastola ikikaa mezani kwenye jua huku ukisubiri zamu, alumini inakuunguza kiganja. Januari asubuhi inauma kwa baridi. Nimeweka vipande vya G10 (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu) pembeni, vinasaidia, lakini mbele na nyuma ya mpini ni chuma kitupu. Skrubu za vipande hivyo nazo hulegea kwa mtikisiko. Tone la gundi ya skrubu, ile ya buluu inayofunguka, na kila baada ya mashindano unazikaza kwa alanki.

Kuna msomaji atauliza kuhusu kesi. Ni kweli, zipo kesi nyingi mahakamani Marekani za watu wanaodai P320 zao zilifyatuka bila kifyatulio kuvutwa, na SIG Sauer inakanusha. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza marekebisho ya hiari baada ya majaribio kuonyesha bastola ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Ganda la alumini si dawa ya hilo, kwa sababu mitambo ni ileile. Ukinunua kitengo cha mtumba, hakikisha kilipitia marekebisho hayo. Mimi yangu naitumia uwanjani tu, na chemba inajazwa pale tu msimamizi anapotoa amri, siyo kabla.

Kanuni za mashindano zisome kabla ya kulipa, siyo baada. Kwenye IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, daraja la Production linataka bastola zilizo kwenye orodha iliyoidhinishwa, na fremu ya mtengenezaji mwingine itakutoa humo. Nimemwona mtu akihamishiwa daraja la wazi asubuhi ya mashindano, akasimama foleni moja na wenye mabastola ya maelfu ya dola. Alikuwa na sura ya mtu aliyevaa ndala kwenye harusi ya waziri.

Kwa Waswahili wenzangu walioko huku, mambo mawili ya sheria. Aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kumiliki silaha au risasi isipokuwa kwa vighairi vichache, mfano kibali halali cha uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Pili, usije ukalitia ganda hili kwenye begi ukampelekea rafiki nyumbani kwa sababu tu huku halina namba. Kutoa vipuri vya silaha nje ya Marekani kuna sheria zake. Kule unakofika, Kenya inahesabu sehemu ya silaha kuwa silaha chini ya Sura ya 114, na Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ofisa wa forodha pale Dar au Nairobi hatakusikiliza ukimweleza habari ya kitengo cha kifyatulio.

Kama ningepewa pesa zilezile leo, na bado sina ala wala vitako, ningenunua ganda la plastiki lenye umbo zuri, niongeze kipande cha uzito cha shaba au cha chuma mahali kanuni za daraja langu zinaporuhusu, na chenji yote niipeleke kwenye 9mm. Kwa kuwa ala mpya imeshafika na magazini zimeshavaa vitako vyake, alumini inabaki. Mtengenezaji nimempa nyota tatu: nne za uchongaji, nikatoa moja ya kitufe.