Nililipia simulizi mpaka mwisho, nikaachwa langoni

Jamani, nina hasira hata sijui nianzie wapi.

Kuna simulizi ya vita na mizimu inauzwa kwenye kundi moja la WhatsApp, sehemu kwa sehemu. Nilituma elfu tatu, nikaambiwa hiyo ni mwanzo mpaka mwisho. Humo kodi ya vita hailipwi kwa fedha, inalipwa kwa miaka. Mtoza kodi anakuja njaa ikiwa imekaza, anampa mama debe la mtama, anaondoka na miaka kumi ambayo mama bado hajaiishi. Mimi niko Newala, Mtwara, kwenye korosho, sikuhitaji kuelezwa. Hiyo ni kangomba. Mvua zinanyesha, ndani hakuna unga, anakuja mtu na hela mkononi, unamwahidi korosho ambazo hata ua hazijatoa. Msimu ukifika wenzako wanapeleka magunia ghalani kungoja mnada, wewe unampimia yeye. Mama yangu kafanya hivyo mara mbili ili mimi nisome. Ndiyo maana nilikuwa namsomea kila jioni.

Sehemu ya 31, yule mama anafika lango la jeshi kumkomboa mwanawe. Anatoa kitu cha mwisho alichobakiwa nacho, sauti yake. Hapo hapo ikakatika. "Msimu wa pili elfu moja."

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu: kaka, si tulikubaliana mpaka mwisho? Akajibu: "Dada, kama elfu moja inakuuma, kalime." Akanitoa kwenye kundi.

Kalime! Nimeshika jembe tangu darasa la tatu. Nimepuliza salfa, dawa ya mikorosho, mpaka macho yakavimba. Mtu anayeijua njaa vile anamjibuje mkulima hivyo? Au muuzaji siye mwandishi, sijui, lakini hela yangu kachukua yeye. Msinunue.

Ila nisiseme uongo. Ile sehemu ya mhunzi anayeyeyusha majembe ya kijiji kuwa mikuki, halafu mvua inakuja hakuna cha kulimia, niliisoma mara mbili na mama hakutoa neno. Mwaka huu sijasoma kitu kilichonishika vile. Basi nunua, lakini uliza kwanza inaishia wapi.

Jana mama kauliza tena: "Yule mtoto walimtoa?" Nikamwambia simu haina chaji. Leo asubuhi nimeazima namba ya shangazi, nimetuma ile elfu moja. Mpaka sasa hajajibu.