Betri kubwa ya kubebeka: ilivyotufaa barafu ilipokata umeme Montreal

Nianze na hukumu, maana ndiyo mnayoitafuta: kwa taa, simu, friji na chai, betri hii ina thamani ya pesa yake. Kwa kupasha nyumba joto, sahau.

Yangu inahifadhi umeme wa kilowati-saa 1, ni aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, inatoa hadi wati 1,800 na ina uzito wa kilo 12 hivi. Niliinunua wakati wa punguzo, chini kidogo ya dola 1,000 za Kanada. Mke wangu akaibatiza jina "sanduku la anasa", na jina hilo likadumu hadi tarehe 5 Aprili 2023.

Siku hiyo ilinyesha mvua ambayo ikigusa tawi au waya inaganda papo hapo. Miti ikaelemewa, matawi yakaangukia nyaya, na wateja zaidi ya milioni 1 wa Hydro-Québec, shirika la umeme la jimbo letu la Quebec, wakakosa umeme. Mimi mtoto wa Tanga nimekulia kwenye mgao, giza halinitishi. Ila huku Quebec nyumba nyingi, yetu ikiwemo, zinategemea hita za umeme za ukutani. Umeme ukienda, joto limekwenda nao. Jiko letu nalo ni la umeme.

Na ilikuwa Ramadhani. Hapo ndipo sanduku lilipojipatia heshima. Birika la umeme la wati 1,500 linachemsha lita 1 ya maji kwa dakika chache, na linakula kama sehemu moja ya kumi ya chaji. Tulichemsha jioni, tukajaza chupa za chai, na saa ya daku kila mtu akapata kitu cha moto bila kugusa betri tena. Friji nililiwasha kwa vipindi tu, kwa kuwa mlango usipofunguliwafunguliwa chakula kinahimili saa 4 hivi bila umeme, na friza iliyojaa hadi siku 2. Jirani wa ghorofa ya juu, mama mmoja wa Bukavu, alishuka na simu za ukoo mzima. Zote zikajaa, na asilimia kwenye kioo haikushuka sana.

Sasa hesabu ya joto. Hita ya wati 1,500 ingeimaliza betri nzima kwa dakika 35 hivi, halafu mngekaa na baridi na giza pamoja. Tulihamia chumba kimoja, tukaziba chini ya mlango kwa taulo, mablanketi yakafanya kazi yake. Kuna aliyetaja kuingiza jiko la mkaa ndani, nikakataa palepale. Kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, na inaua watu waliolala, Montreal kama Arusha. Jenereta ni vivyo hivyo: hata gereji si mahali pake. Kabla ya kutumia dola 1,000 kwa betri, tumia 40 kwa kengele ya gesi hiyo, ile inayotumia betri ndogo.

Kasoro zipo. Soketi kubwa zikiwa zimewashwa, hata kama hakuna kilichochomekwa, chaji inapungua; simu zichomeke kwenye matundu ya USB na soketi uzime. Feni yake wakati wa kuchaji inavuma kiasi cha kumwamsha mtoto. Kuichaji kwenye gari kunachukua karibu kutwa, kwa hiyo mimi niliibeba hadi kwa rafiki ambaye mtaa wake ulikuwa na umeme, ikajaa kabla hatujamaliza kufuturu. Pia aina hii haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, basi msiihifadhi roshani.

Naipa nyota 4. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya programu yake ya simu, iliyong'ang'ania niingie kwenye akaunti kupitia intaneti ndipo inionyeshe chaji iliyobaki, usiku ambao mtaa mzima haukuwa na intaneti.