ILCA 7 ya mtumba: uzoefu wangu baada ya kushindana nayo Oman

Nianze na bei, maana ndilo swali ninaloulizwa kabla hata salamu hazijaisha. ILCA mpya, boti ndogo ya tanga ya mashindano, pamoja na mlingoti, tanga na usukani wake, inapita euro 6,000 hujalipa usafiri wala ushuru. Mimi nilipata ya mtumba hapa Maskati kwa pesa kidogo sana kuliko hizo, kwa mtu aliyekuwa anamaliza mkataba wa kazi na hakutaka taabu ya kuisafirisha. Kama unatafuta chombo cha kutoka nacho na watoto siku ya Ijumaa, usinunue hii. Ni boti ya mtu mmoja, urefu wake mita 4.23, bodi tupu, yaani mwili wa boti peke yake, kilo 59, haina kiti wala pahala pa kuweka chupa ya maji mpaka uifunge kwa kamba. Utarudi umelowa chapachapa hata siku ya bahari shwari. Imetengenezwa kwa kazi moja tu, kushindana na nyingine zilizo sawa nayo, na kwa kazi hiyo sijaona ya kuishinda.

Wengi tunaijua kwa jina la zamani, Laser. Mkanada Bruce Kirby aliichora mwaka 1969, ikaonyeshwa New York mwaka 1971 ikiuzwa dola 695, na mpaka leo zimeshatengenezwa zaidi ya 200,000. Jina lilibadilishwa mwaka 2019 kwa sababu ya ugomvi wa alama ya biashara: Laser Standard ikawa ILCA 7, Radial ikawa ILCA 6, na 4.7 ikawa ILCA 4. Kwa hiyo ukiona tangazo la "Laser" la miaka ya nyuma, huenda ni boti hiihii, ila hakikisha si Laser Pico au Laser 2, hizo ni boti nyingine kabisa na hazitakuingiza kwenye mashindano haya.

Umbo la bodi halijaguswa miaka yote hiyo. Kanuni zake nazo ni kali: jambo lolote ambalo halikutajwa kuwa linaruhusiwa, basi limekatazwa. Huruhusiwi kuichonga bodi, huruhusiwi kushona tanga lako mwenyewe kwa fundi unayemwamini, huruhusiwi kurefusha ubao wa kati unaoshuka majini hata kidogo. Ami yangu wa Nungwi, ambaye ujanani alikuwa akikimbiza ngalawa, nilimtumia picha. Akanipigia usiku uleule.

"Mwanangu, fundi wake nani?"

"Hana fundi, ami. Zinatoka kiwandani, zote sawa."

"Sasa ukishindwa utamsingizia nani?"

Sikuwa na jibu. Kwenye ngalawa, atakayefika nyuma atakwambia gogo lilikuwa zito, au tanga lilikatwa vibaya, au mirengu haikukaa sawa, na pengine ni kweli. Huku ukifika nyuma umefika nyuma wewe. Ndiyo maana watu wazima na kazi zao wanatumia fedha kwa boti iliyochorwa kabla hawajazaliwa. Atakayetaka kuona jambo hili lilivyo atazame mbio za mwisho za Olimpiki mbili. Mwaka 1996 Robert Scheidt wa Brazil alikuwa akiongoza kwa pointi, mpinzani wake ni kijana Ben Ainslie wa Uingereza. Wote wawili wakavuka mstari mapema chini ya bendera nyeusi, wakafutwa, na dhahabu ikabaki kwa Scheidt. Mwaka 2000 kule Sydney, Ainslie alimng'ang'ania Scheidt mbio nzima, akimkata upepo kila anapogeuka, mpaka akamporomosha nyuma ya kundi. Dhahabu ikawa yake. Boti zilezile, matanga yaleyale.

Sasa tuje kwenye kununua ya mtumba, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Kagua kwanza tundu anamokaa mlingoti. Mlingoti wa boti hii hauna kamba za kuushikilia pembeni, unasimama kwa nguvu ya tundu hilo peke yake. Iweke boti sawa, jaza tundu maji mpaka juu, kisha kunywa chai yako taratibu. Ukirudi ukakuta maji yameshuka, kuna ufa chini, na siku ya upepo mlingoti utang'oka na kipande cha sitaha. Muuzaji atakwambia yamekauka kwa joto. Mwambie ayajaze tena. Hapa kwetu adui mkubwa wa tundu hilo ni mchanga: punje chache zikiingia zinasaga faiba kila tanga linapozunguka, basi suuza mguu wa mlingoti kila mara kabla ya kuutia.

Baada ya hapo tembea juu ya sitaha bila viatu. Ukihisi pahala panabonyea, hasa pale unapokaa na kuzunguka tundu la mlingoti, faiba imeachana na povu lake, na matengenezo yake si ya siku moja. Kuitazama kwa macho hakutoshi, rangi mpya inaficha mengi.

Mlingoti uko vipande viwili. Kipande cha juu kikiwa cha alumini, kiviringishe kwenye sakafu ya marumaru. Kikiwa kizima kitakwenda kimya. Kikiwa kimepinda kitarukaruka na utaona mwanga ukipita chini yake. Kupinda kidogo kuna dawa, watu huhamisha kola yake ya kiungio na kukigeuza juu chini, lakini bei lazima ishuke. Siku hizi cha kaboni kinaruhusiwa, hakipindi namna hiyo, na mimi niliponunua changu niliona ni pesa iliyokwenda pahala pake kuliko kifaa kingine chochote.

La mwisho ni kibao cha namba ya bodi, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayokaa kwenye tanga. Boti isiyo na kibao ni ya kuchezea tu, mashindanoni haipimwi.

Juu ya matanga nina maneno makali kidogo. Tanga rasmi la ILCA 7 lina mita za mraba 7.06, halipandishwi kwa henza, ile kamba ya kupandishia, bali linavalishwa mlingotini kama soksi, na lina kibandiko cha ILCA, yaani chama cha kimataifa cha boti hizi, karibu na kona ya chini ya mbele. Bei yake inauma. Kuna matanga ya kuigiza, vipimo vilevile, nusu ya bei au chini yake, na kwa mazoezi yanafaa kabisa. Mengine kitambaa chake kinadumu kuliko rasmi. Shida ni wauzaji. Duka moja la mtandaoni liliniuzia "tanga la mashindano", nikalifungua nikakuta halina kibandiko, na nilipolalamika wakanijibu kwamba hawakuandika ni la mashindano yapi. Nilicheka kwa hasira. Toleo rasmi la sasa, Mk2, lina kitambaa kizito kuliko lile la zamani na linakaa na umbo lake muda mrefu zaidi, ila liviringishe, usilikunje, na usiliache juani likipigapiga bila kazi. Jua la Oman halina huruma na kitambaa cha dakroni.

Kwa kamba usifanye ubahili. Kuna tatu zinazotawala umbo la tanga: ile inayoshikilia chini ule mti wa tanga, yaani bumu, ile inayovuta tanga chini kando ya mlingoti, na ile inayolinyoosha kwa nyuma. Boti nyingi za zamani zinakuja na mfumo wa awali ambao unahitaji mkono wa mpagazi. Kanuni zinaruhusu mfumo wa makapi mengi zaidi, na ukiwa umening'inia nje huku mawimbi yanakupiga usoni, tofauti ya kuvuta kwa vidole viwili na kuvuta kwa mwili mzima ni nafasi kadhaa kwenye matokeo. Funga pia ile kamba nyembamba ya kuzuia mlingoti usichomoke boti ikipinduka. Hiyo ni lazima kikanuni, na wanaokodisha huisahau.

Uzito wako ndio unaochagua boti. Bodi ni moja. Mlingoti wa chini na tanga ndivyo vinavyobadilika. ILCA 7 inamtaka mtu wa kilo 80 na kidogo. Chini ya hapo, upepo ukikaza utabaki kuachia demani, ile kamba ya kuvutia tanga, kila saa huku wenzako wanapita. ILCA 6, yenye tanga la mita za mraba 5.76, ndiyo wanayotumia wanawake Olimpiki tangu mwaka 2008. Deizy Nhaquile wa Msumbiji aliiendesha Tokyo akitokea bahari hiihii yetu. Vijana wepesi wanaanza na ILCA 4, mita za mraba 4.7. Usinunue kubwa ukitegemea utanenepa.

Kuiendesha sasa. Kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, ni kazi ya mapaja na tumbo: miguu kwenye mkanda, kiwiliwili chote nje, boti iwe wima kabisa, maana ikilala kidogo tu inakwenda pembeni badala ya mbele. Ukibisha, yaani ukigeuza upande kuukabili upepo, unailaza kisha unaisimamisha kwa mwili ili itoke kwenye mgeuko na kasi. Upepo wa nyuma ndio wa kutisha. Tanga likiachwa mbali sana boti inaanza kuyumba kulia na kushoto, kila yumbo kubwa kuliko la kabla, halafu inakupindukia upande wa upepo na wewe chini. Dawa ni kuvuta demani kidogo na kukaa chini, lakini mwili hauamini mpaka umeshakunywa maji ya kutosha. Kuisimamisha tena ni rahisi: panda juu ya ubao wa kati, egemea, inanyanyuka. Haizami.

Mashindano yenyewe tunayakimbizia zaidi Mussanah, pwani ya Batina, ambako Scheidt alichukua ubingwa wa dunia mwaka 2013 akiwa na miaka 40, na Mdenmaki Anne-Marie Rindom akachukua wa Radial ya wanawake mwaka 2015. Asubuhi mara nyingi hakuna kitu, bahari imelala, bendera ya kuahirisha yenye mistari myekundu na myeupe inaning'inia, watu wako chini ya mwavuli wanakula tende. Mchana upepo wa bahari ukiingia, wote mnakimbilia majini pamoja.

Dakika tano kabla ya kuanza, honi na bendera. Dakika nne, bendera ya pili. Dakika moja, inashuka. Dakika hiyo ya mwisho ndiyo ninayoilipia. Boti zote zimepanga mstari, matanga yanapigapiga kwa kelele za kukuziba masikio, kila mtu analinda kijipengo chake chini ya upepo ili apate pahala pa kuangukia boti ikishika kasi, na mtu wa kulia kwako anakupigia makelele kwamba huna haki ya kumsukuma juu, ingawa haki unayo. Sekunde saba, nane, unavuta demani. Ukichelewa hapo, mbele yako kuna ukuta wa matanga, na upepo unaokufikia umeshatumika. Ukiwahi chini ya bendera nyeusi, mbio hiyo umeipoteza moja kwa moja. Mshindi wa kila mbio anapata pointi 1, wa pili 2, na mwenye chache ndiye bingwa. Mbio yako mbaya kuliko zote kwa kawaida hutupwa. Waamuzi wanazunguka na vyombo vidogo, na ukipepea tanga kuisukuma boti utasikia filimbi na kuona bendera ya manjano. Mara ya kwanza unazunguka mara mbili, ya pili unatoka.

Waliopita ujana wasiogope. Kuna ubingwa wa Masters kuanzia miaka 30, umegawanywa kwa umri mpaka wale wa 75 na zaidi, wanaoitwa Legends. Mimi nimo kundi la 45 hadi 54 na wazee wa miaka 60 wananipita kwenye upepo mdogo bila kutoka jasho.

Mashindano ya mbali huwa nakodi. Unabeba begi tu: kamba zako, kipini cha usukani, jaketi la kuokolea. Safari moja Ulaya kampuni ya kukodisha, ambayo sitaitaja, ilinipa bodi iliyokuwa inaingiza maji, kisha ikakata dhamana yangu kwa ufa ambao nilikuwa nimeupiga picha kabla sijaondoka ufukweni. Picha ndizo zilizonirudishia pesa. Pigeni picha, chini na juu, na mfungue kizibo cha nyuma mbele yao: ikitoka ndoo ya maji, ombeni nyingine papo hapo.

Alama zangu: bodi 9 kwa 10, tanga rasmi 6 kwa sababu ya bei, mlingoti wa juu wa alumini 4, wa kaboni 9. Magoti yangu yanaipa 3.

Mwanangu wa kiume ana kilo 50 na ameanza kunidai ya kwake. Bodi tunayo, tanga la 4.7 nimeshapata, kimebaki kipande cha chini cha mlingoti wa ILCA 4. Mwenye nacho Maskati au Sohar tuzungumze bei, wala asipunguze kwa kudhani kimepinda: hicho kimepindishwa kiwandani.